Wakili Asiyesalimiwa

Jino lilikuwa juu ya zulia jeupe, na mzizi wake ulikuwa bado na nyama. Niliokota jino hilo Jumanne, tarehe 17 Juni 2014, katika chumba cha kulala cha mwanamke mzee niliyekuwa nikimtunza kwa miaka mitatu, katika nyumba kubwa upande wa Virginia. Mama huyo alikuwa amefariki asubuhi hiyo. Wanawe wawili, wanaume wenye mvi na suti nzuri, walikuja kumuaga, na kabla gari la maiti halijafika walianza kuulizana nyumba ni ya nani, kwa kuwa mama yao hakuwahi kuandika wosia. Mkubwa alimwita mdogo wake mwizi. Mdogo akanyakua taa ya shaba iliyokuwa kando ya kitanda, akampiga nayo mdomoni. Wakaanguka wote wawili juu ya miguu ya marehemu. Shuka likavutika, na mama niliyekuwa nimemwosha na kumchana nywele akateleza, akaning'inia nusu nje ya kitanda, mkono wake ukigusa sakafu, huku wanawe wakikabana koo chini yake.

Nilimrudisha kitandani peke yangu. Nikamfunika. Kisha nikapiga magoti kati ya viatu vyao na kuanza kufuta damu, kwa maana hakuna mwingine ambaye angeifuta.

Jioni hiyo nilisonga ugali nyumbani kwetu Bladensburg, katika nyumba ndogo ya matofali ambayo mume wangu aliinunua mwaka 2009. Hati ilikuwa na jina lake peke yake, kwa sababu wakati huo karatasi zangu za ukaaji zilikuwa hazijakamilika. Alikuwa amekaa mezani akishona soksi. Hakuwahi kutupa soksi maishani mwake.

"Mzee," nilisema, "tuandike wosia."

"Wosia wa nani?"

"Wako na wangu."

"Mimi naumwa?"

"Huumwi."

"Basi jeneza unanipimia la nini?"

"Leo nimeokota jino la mtu sakafuni."

"La mzungu. Mzungu akifa hana ukoo, ndiyo maana wanang'oana meno. Mimi nina ukoo, mwalimu."

Aliniita mwalimu tangu nilipofaulu mtihani wa sekondari, Mei 2013, nikiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Siku nyingine lilikuwa jina la mapenzi. Siku hiyo halikuwa.

"Ukoo wako ndio ninaouogopa," nikamjibu.

Alisimama akanipiga kofi. Kichwa changu kiligonga mlango wa kabati. Nami nilikuwa na mwiko mkononi, na juu ya mwiko kulikuwa na ugali uliokuwa bado unatoa mvuke. Nikampiga nao sikioni kwa nguvu zangu zote, ugali ukaganda pale kama lami. Alipiga kelele. Alipoubandua, ngozi ilitoka nao.

Tukatazamana, sote tukihema.

"Umeniunguza, mwalimu."

"Umenipiga, mzee."

Alikaa chini akala ule ugali uliobaki kwenye sufuria, machozi ya maumivu yakimtoka, kwa sababu chakula kikishapikwa hakiachwi. Hakunipiga tena tangu siku ile mpaka kifo chake. Kovu nyuma ya sikio lake nililipaka mafuta kwa wiki kadhaa, na usiku mmoja nilipokuwa nikilipaka aliniuliza, bila kugeuka, "Wale wa taa. Walikuwa wa tumbo moja?"

"Tumbo moja, baba mmoja."

Aligusa kovu kwa kidole. Kisha akauliza wakili hutoza kiasi gani.

Wakili alitoza kwa saa, na hapo ndipo balaa yetu ilipoanzia. Mume wangu alifanya kazi katika bohari ya samani, nami nilitunza wazee. Tulichemsha jani moja la chai mara mbili, tulipanda basi ilhali gari limeegeshwa, na deni la nyumba tulilimaliza miaka mingi kabla ya wakati wake. Kwa mtu kama huyo, saa ya wakili ni jeraha. Tarehe 4 Septemba 2014, ndani ya basi la kwenda Hyattsville, alinipa masharti.

"Hatumsalimu."

"Mtu asisalimiwe vipi?"

"Habari ya asubuhi, basi. Usimwulize kama nyumbani hawajambo. Ukimwuliza atajibu, na akijibu tunalipa."

"Na asipotuelewa?"

"Ameenda shule kwa ajili ya kutuelewa. Wewe jibu unachoulizwa, funga mdomo."

Wakili alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Mume wangu alivua saa yake ya mkononi akaiweka juu ya meza, uso wa saa ukimwelekea yule mama. Tulisema habari ya asubuhi. Tukaketi. Alipouliza kuhusu maziko, mume wangu alijibu kwamba azikwe hapa hapa Maryland, asisafirishwe, kwa kuwa nauli ya maiti ni ujinga. Alipouliza nani asimamie mali, alinyoosha kidole gumba kunielekea mimi. Kisha akauliza kama tuna watoto.

"Watatu," mume wangu alisema.

Sikuzaa. Nilipoteza mimba mbili kabla ya kuja Amerika na moja baada ya kuja, na baada ya hiyo ya tatu madaktari walifunga ukurasa. Wale watatu walikuwa watoto wa mdogo wake aliyekaa Sterling, msichana mmoja na wavulana wawili. Kwetu milimani, mtoto wa ndugu yako ni wako. Anayeuliza ametoka tumbo gani huonekana mchawi. Msichana yule mkubwa alikaa kwetu tangu akiwa na miaka minne hadi kumi na mmoja, wakati wazazi wake walipofanya kazi za usiku karibu na uwanja wa ndege. Mimi ndiye niliyemsuka. Mume wangu ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, akaanguka naye, wakapasuka magoti wote wawili. Kwa hiyo hakudanganya. Alisema alichokiamini.

Wakili aliinua macho. "Wenu wote?"

"Wetu wote."

Nilifungua mdomo ili nieleze. Chini ya meza, mume wangu alinikanyaga mguu kwa kiatu chake cha kazi, kile chenye chuma mbele, akaendelea kukanyaga mpaka nikafunga mdomo. Saa ilikuwa inatembea. Wosia wake ukaandikwa, wangu ukaahirishwa ili kuokoa saa: nusu ya nyumba iwe yangu, nusu iwe ya watoto wake watatu kwa majina yao. Tulitoka mle kabla saa moja haijatimia, na njiani aliimba. Kucha ya kidole changu kikubwa iligeuka nyeusi, ikang'oka mwezi wa Oktoba.

Alikufa Jumatatu, tarehe 3 Januari 2022. Theluji ilikuwa imeanguka nzito, na kijana wa jirani alibisha mlango akitaka ujira mdogo ili atusafishie njia. Mume wangu alicheka, akachukua beleshi mwenyewe. Nilisikia chuma kikikwaruza saruji, kisha sikusikia kitu. Nilipotoka alikuwa amelala kifudifudi, amekumbatia beleshi, na theluji mdomoni mwake haikuwa ikiyeyuka. Nilimbonyeza kifua kama nilivyofunzwa kazini. Nilimvunja ubavu, niliusikia ukikatika chini ya viganja vyangu, nikaendelea. Gari la wagonjwa lilipofika nilikuwa bado ninabonyeza, nao wakalazimika kunivuta kwa nguvu.

Nilimzika Maryland, Jumamosi ya tarehe 15, kama alivyoandika. Shemeji yangu wa Sterling alisimama mbali na kaburi, mikono mfukoni, hakutupa hata udongo.

Siku ya tatu baada ya mazishi, kwa desturi ya kwao, mjane hunyolewa na mali ya marehemu husemwa hadharani. Walikuja kwangu Jumanne: shemeji, mke wake, na yule msichana mkubwa ambaye sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita akisomea uuguzi. Nilipika. Nilikuwa nimekwisha kusoma, kwa siku mbili mfululizo, maelezo ya kaunti kuhusu mirathi, nami nilikusudia kuyasema kwa utaratibu.

"Shemeji," nilianza, "serikali ya hapa ina kodi mbili za mauti. Ya kwanza huwahusu matajiri wa mamilioni, haitugusi. Ya pili humwangalia anayepokea. Mke halipi. Mtoto wa kuzaa halipi. Ndugu halipi. Ila mtoto wa ndugu hutozwa sehemu moja ya kumi ya anachopata."

"Mtoto wa ndugu ndiye nani?"

"Kwa serikali, ni hawa wako."

"Hawa ni watoto wa kaka yangu. Ameandika mwenyewe."

"Ameandika. Hakuwazaa."

Alicheka, akamgeukia mkewe. "Unasikia? Mimi naishi Virginia, ng'ambo ya mto tu hapo. Huko hakuna kodi ya namna hii. Ameitunga mezani hapa."

"Virginia haina. Maryland inayo. Nyumba iko Maryland."

"Na mimi ndugu, silipi?"

"Wewe hulipi."

"Basi nyumba iandikwe jina langu tumalize. Ulimfukia kaka yangu kama mbwa katika nchi ya watu ili uokoe nauli, sasa unataka kula na watoto wake."

"Nauli aliikataa mwenyewe. Na wosia wa marehemu hauandikwi upya na walio hai."

Alitoa mfukoni mashine ya kunyolea. Nilidhani angeiweka mezani kwa heshima, kama ishara, kwa maana desturi hiyo hufanywa na mwanamke mkongwe na kwa ridhaa. Badala yake aliichomeka ukutani. Nikasema sitanyolewa. Mkewe akasema kwa sauti ya chini, "Asiyenyolewa ndiye aliyemuua."

Shemeji alinishika nywele kwa nyuma akanigonga uso kwenye meza. Pua ilipasuka, niliona sahani ya wali ikigeuka nyekundu upande mmoja. Mashine ilianza kunguruma sikioni mwangu. Ilipita mara moja kutoka kwenye paji la uso hadi utosini, ikachukua nywele na ngozi. Nilirusha kiwiko, nikampata kooni. Alinivuta pamoja na kiti, tukaanguka, naye akanikalia kifuani akiendelea kunyoa popote mashine ilipofika, nyusi, sikio, na mkewe alinishika miguu. Nilipapasa sakafuni mpaka mkono wangu ukagusa birika la chai lililokuwa limeanguka. Chuma chake kilikuwa cha moto bado. Nilimpiga nalo kwenye taya, mara ya kwanza na mara ya pili, na mara ya pili nilihisi kitu kikilegea ndani ya mdomo wake.

Nilikumbuka jino la 2014. Katika hali ile, huku damu yangu ikiniingia kooni, nilikumbuka nililifunga katika karatasi laini.

Mlango ulifunguka. Alikuwa jirani yangu, mama kutoka Bukavu aliyesikia kelele, amevaa kitenge juu ya koti la baridi na ameshika lile beleshi la theluji la mume wangu, ambalo lilikuwa limebaki nje.

"Papa, mwachie ule mama," alisema, bila kupaza sauti. "Niko naita polisi. Na mbele ya wao kufika, hii beleshi itakuwa imekwisha kufika."

Waliondoka kabla hajapiga simu. Msichana yule alikuwa amesimama muda wote huo pembeni ya jokofu, mikono juu ya mdomo. Alitoka wa mwisho. Hakunitazama.

Jirani alinikalisha bafuni, akanimalizia kunyoa upande uliobaki, ili kichwa kiwe sawa. "Sasa uko mrembo kama askari," aliniambia. Nilicheka, na pua ikaanza kutoka damu upya.

Jumatatu, tarehe 7 Februari 2022, nilikwenda katika ofisi ya wosia ya kaunti kufungua mirathi. Nilikuwa na kilemba, na uso wangu ulikuwa na rangi za manjano na zambarau. Shemeji alikuwa ananisubiri mlangoni pamoja na binti yake, kwa kuwa watoto walikuwa wamepewa taarifa. Sikurudi nyuma. Nilijiambia kwamba katika jengo lenye askari mlangoni hatathubutu, na kwamba mimi ndiye niliyetajwa kusimamia mali, si yeye.

Karani alikuwa kijana mpole mwenye tai. Tulisimama mbele ya kaunta yake, shemeji ubavuni mwangu wa kushoto, karibu mno. Akanisemesha kwa Kiswahili, lugha yetu, akitabasamu kwa ajili ya karani.

"Shemeji, ni neno moja tu. Akikuuliza, sema ni watoto wake. Kaka alisema hivyo, nawe sema hivyo. Kodi hakuna, kelele hakuna."

"Nitaapa kwanza. Husikii?"

"Utaapa. Kwani ulizaa nani wa kuja kukukanusha?"

Nilinyoosha mkono wa kulia nikaapa kusema kweli. Mkono wa kushoto ulikuwa umening'inia chini ya ukingo wa kaunta, na hapo ndipo alipoushika. Alichagua kidole cha pete. Karani akauliza uhusiano wangu na marehemu, nikasema mke. Akataja jina la kwanza katika wosia, la yule msichana, akauliza uhusiano wake na marehemu. Kidole changu kilianza kurudishwa nyuma.

Ningeweza kusema binti. Nusu ya moyo wangu ilitaka kusema binti, wala si kwa sababu ya kidole. Nilimsuka yule mtoto. Kusema vinginevyo ilikuwa kutangaza mbele ya serikali, na mbele ya mwanamume huyu, kwamba katika nyumba yetu hakuna aliyezaliwa. Na pia kumkanusha mume wangu aliye kaburini kwa mwezi usiotimia. Lakini nilikuwa nimeapa, na mali iliyojengwa kwa majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili singeiweka juu ya uongo ambao mtu yeyote angeweza kuja kunidai nao baadaye.

"Ni mtoto wa mdogo wake," nilisema. "Wote watatu. Sisi hatukuzaa."

Alikisukuma. Kilikatika kwa sauti kavu, kama kijiti cha kuwashia moto. Maumivu yalipanda hadi kwenye meno. Sikulia, kwa sababu nilijua kwamba nikilia karani ataacha kuandika.

"Baba yao yuko hai?" karani aliuliza, akiwa bado ameinamia kazi yake.

"Yuko hai. Ni huyu anayenivunja mkono."

Kijana akainua macho. Akainama juu ya kaunta, akaona. Akamwita askari wa mlangoni kwa jina, kwa utulivu, kama mtu anayeomba maji.

Binti ndiye aliyesema kabla askari hajafika. Tangu alipoingia shule hakuwahi kutujibu kwa Kiswahili. Tulimsemesha kwa lugha yetu naye akajibu kwa Kiingereza, na hatukuona ajabu. Siku hiyo alisema kwa Kiswahili, kwa lafudhi yangu mimi, ya milimani.

"Baba. Ulitaka aape kwamba sisi si wako?"

Shemeji akaniachia. Alitazama mkono wake, akamtazama binti yake, akafungua mdomo, na pengo la jino nililomlegezea likaonekana. Askari alimpeleka ukutani akamgeuza uso, na alipofungwa pingu hakupinga.

Hakimu alimkataza kuisogelea nyumba yangu. Kodi ililipwa kutoka katika akiba tuliyokuwa nayo, yote kwa mara moja, nami nikahisi kama mume wangu anakanyagwa mguu. Wale wavulana wawili hawajawahi kukanyaga kwangu tangu hapo. Sehemu yao ya nyumba iko pale pale, nami nawatumia salamu kila Krismasi bila kujibiwa. Dada yao alihamia chumba cha nyuma mwezi wa Juni. Hatuzungumzi sana kuhusu siku ile ya jokofu. Aliwahi kuniambia, akiosha vyombo, "Mama mkubwa, nilikuwa nahesabu kama utakufa." Nikamwambia nami nilikuwa nahesabu. Basi.

Kidole hakikuunga vizuri. Nikikunja ngumi, hicho hubaki kimesimama, na pete imebidi niivae mkono mwingine.

Tarehe 14 Julai 2022 nilirudi Hyattsville kwa yule wakili wa miwani ya kamba, ili niandike wosia wangu mwenyewe. Nilikwenda kwa gari. Aliniuliza kwanza kama nina watoto, kalamu tayari mkononi.

"Shikamoo," nilimwambia, kisha nikamweleza maana yake na jibu lake, naye akajibu kama nilivyomfundisha. Nikamwuliza nyumbani hawajambo. Akatazama ukutani, kwenye saa, kwa ajili yangu, maana alikuwa amemkumbuka mume wangu. Nikamwambia aiache. Akasema mama yake ana ugonjwa wa goti, na kwamba yeye na dada yake hawasemezani tangu mwaka jana. Nikamwuliza kisa. Alinieleza kisa, nami nikamsikiliza mpaka mwisho.

Kisha nikaiweka ile ngumi yangu isiyofungika juu ya meza, nikaanza kumweleza kuhusu mtoto niliyemsuka, alizaliwa na nani, amekaa kwa nani, ili kodi yake itoke katika mali yangu na yeye asidaiwe kitu.